Kuifahamu aya ngumu kwa kufuata maana ya maneno yake: Dhun-Nun na tamko “naqdira”

Kila Ramadhani, darsa la tafsiri la baada ya Alasiri linapofika juzuu ya 17, huwa nalisubiri swali ambalo najua litaulizwa. Mwaka mmoja liliulizwa na mzee aliyekuwa ameegemea nguzo ya msikiti, mwaka mwingine na kijana aliyekuwa akifuatilia tarjuma kwenye simu yake, na maneno yao hayakutofautiana sana: “Sheikh, inakuwaje Nabii wa Mwenyezi Mungu adhani kwamba Mwenyezi Mungu hamuwezi?” Swali hilo linatoka katika Surat al-Anbiyaa, aya ya 87, inayomtaja Nabii Yunus (amani iwe juu yake) kwa lakabu ya Dhun-Nun, yaani mwenye samaki, na kusema kwamba aliondoka hali ameghadhibika:

فَظَنَّ أَنْ لَنْ نَقْدِرَ عَلَيْهِ

Baadhi ya tarjuma za Kiswahili zimeyaeleza maneno hayo kwa maana ya kwamba alidhani Mwenyezi Mungu hatakuwa na uwezo juu yake. Anayesoma hivyo ana haki ya kushtuka, kwa sababu Muislamu wa kawaida tu, hata yule asiyejua alifu wala bee, hawezi kudhani jambo kama hilo, sembuse Mtume. Mshtuko huo si wa kufichwa wala si wa kukemewa, kwani ndio mlango wenyewe wa kuingilia katika kazi hii. Aya inapogongana na jambo ambalo Qur'ani yenyewe imelithibitisha mahali pengine, jambo la kwanza la kutiliwa shaka ni uelewa wetu wa neno fulani ndani yake. Basi nitaichukua aya hii moja na kuipitia polepole, ili msomaji aliyesoma Kiarabu cha madrasa, anayeweza kutambua kitenzi na mzizi wake, aone namna ya kufanya kazi hiyo mwenyewe kabla ya kuyapeleka aliyoyapata kwa mwenye elimu zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

Huhitaji maktaba kubwa. Unahitaji msahafu, faharasa ya maneno ya Qur'ani, kamusi moja ya mizizi na tafsiri mbili za Kiarabu ambazo hazikunakiliana. Faharasa iliyoenea zaidi ni al-Mu'jam al-Mufahras ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi wa Misri, ambayo hupanga kila neno chini ya mzizi wake na kutaja aya zote lilimo. Programu za simu zinafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi, na sioni ubaya wa kuzitumia. Kwa upande wa kamusi, Mufradat ya ar-Raghib al-Isfahani inatosha kwa mambo mengi, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya maneno ya Qur'ani peke yake. Lisan al-Arab ya Ibn Mandhur ni bahari, na mwanafunzi anayeanza huweza kuzama humo kutwa nzima akaibuka bila jibu.

Jambo moja la istilahi tulimalize hapa. Kiswahili hutumia neno “tafsiri” kwa kazi mbili tofauti, yaani kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine na kueleza makusudio ya aya. Katika maelezo haya, ya kwanza nitaiita tarjuma na ya pili nitaiita tafsiri, kama wafanyavyo walimu wetu wengi, kwa sababu nusu ya matatizo ya aya ngumu huanza pale msomaji anapoishika tarjuma akidhani ameshika tafsiri.

Anza na maneno unayodhani unayajua

Msemaji wa Kiswahili anapoifungua Qur'ani hukutana na maneno anayoyatumia nyumbani na sokoni, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini pia ni mtego ambao Mchina au Mrusi anayejifunza Kiarabu hana. Yeye akikutana na neno asilolijua hulitafuta. Sisi tukikutana na “fitna”, “balaa”, “dhulma” au “dhana” hatutafuti kitu, tunapita, ilhali maneno hayo yamekaa pwani yetu kwa karne nyingi, yameoa na kuzaa, na baadhi yao yamebadilika tabia.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni “fitina”. Nani hajasikia, katika ugomvi wa wakwe au wa majirani, mtu akinukuu Surat al-Baqara, aya ya 191, kwamba fitina ni mbaya zaidi kuliko kuua, akikusudia umbea na maneno ya kuchonganisha watu? Aya hiyo inawazungumzia waliowapiga vita Waislamu na kuwafukuza majumbani mwao, na wafasiri wanaieleza fitna iliyomo kuwa ni ushirikina na kuwatesa watu ili waiache dini yao. Asili ya neno kwa Waarabu ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na mbovu, ndiyo maana Surat at-Taghabun, aya ya 15, inaweza kusema kwamba mali zenu na watoto wenu ni fitna, yaani mtihani, bila kumtukana mtoto wa mtu yeyote. Uchonganishi una makemeo yake mazito katika Hadithi ya Mtume (rehema na amani ziwe juu yake), kwamba msengenyaji mwenye kupeleka maneno hataingia Peponi, kwa hiyo anayetaka kumuonya mbeya ana dalili yake na hana haja ya kuiazima aya isiyomhusu.

“Balaa” nayo ni hivyo hivyo. Surat al-Anfal, aya ya 17, ina maneno “balaa'an hasanan”, na ukiyasoma kwa sikio la Kiswahili utapata balaa nzuri, kitu ambacho hakuna bibi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kukiona. Kwa Kiarabu neno hilo ni majaribio, ya neema au ya shida. Ninawaambia wanafunzi waishike alama hii: neno la Qur'ani linalofanana na la Kiswahili likileta maana ya ajabu, lisisukumwe kwa nguvu liingie, bali litolewe, liwekwe mezani na kutafutwa upya.

Kisha kuna suala la herufi, ambalo ni dogo kwa kuliangalia lakini limewapoteza wengi, nami nikiwemo. Kiswahili kimezimeza herufi tatu za Kiarabu, ذ na ض na ظ, kikazitoa zote kwa sauti moja ya “dh”. Dhahabu yetu inatokana na ذ, dhiki inatokana na ض, na dhana inatokana na ظ. Aya yetu ya Dhun-Nun inazo zote tatu ndani ya maneno machache: “dhahaba” kwa ذ, “mughadhiban” kwa ض, “fadhanna” kwa ظ. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kutumia jioni nzima nikilitafuta neno chini ya ض huku limekaa kwa utulivu chini ya ظ, na maana niliyoibuka nayo ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Wala si kosa la Waswahili peke yetu linalofanya jambo hili liwe zito, kwa sababu herufi hizo mbili hubeba maana tofauti hata ndani ya visomo sahihi vya Qur'ani: katika Surat at-Takwir, aya ya 24, wengi wanasoma “bidhanin” kwa ض, yaani Mtume si bahili wa habari za ghaibu, na wasomaji Ibn Kathir, Abu Amr na al-Kisai wanasoma kwa ظ, yaani si mwenye kutuhumiwa juu yake. Basi kabla ya kufungua kamusi, liangalie neno kwenye msahafu, herufi kwa herufi, na usiliandike kwa kukumbuka sauti.

Ukusanye ukoo mzima wa neno

Sasa tuifikie “naqdira”. Mzizi wake ni qaf, dal, raa, na mzizi huu umekuja katika Qur'ani zaidi ya mara 100 kwa sura mbalimbali, kwa hiyo ni mzizi wa kuufanyia kazi kwa subira. Ibn Faris, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 395 Hijria (1004), anasema kwamba asili yake inaonyesha upeo wa kitu na mwisho wake, au kwa Kiswahili chepesi, kipimo chake. Kutokana na kipimo hicho kumezaliwa matawi, na kwa bahati njema Kiswahili kimeyachukua matatu na kuyapa kila moja neno lake, jambo linalotusaidia kuliko tunavyofikiri. Tunasema “kudura” kwa uwezo, kama katika kudura za Mola. Tunasema “kadari” kwa majaaliwa. Na tunasema “kadiri” kwa kiasi, kama anaposema mtu kwamba alitoa kadiri ya alichokuwa nacho, na kutoka hapo tukapata kukadiria na makadirio. Mwarabu anayatoa yote hayo kwa mzizi mmoja, na mara nyingine kwa kitenzi kimoja, ndipo tatizo letu linapozaliwa, kwa kuwa anayetarjumu hulazimika kuchagua tawi moja hata pale Kiarabu kilipomwachia msomaji kazi hiyo.

Fungua faharasa na uziandike aya kwenye karatasi, si kichwani. Utaona zinajigawa. Tawi la uwezo ni kubwa na halina shida: “qadir” katika sifa za Mwenyezi Mungu, na “laa yaqdiruna” kwa wasioweza kitu. Tawi la kupimia na kujaalia liko katika Surat al-Qamar, aya ya 49, kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Tawi la tatu ndilo ambalo msomaji wa Kiswahili halitarajii. Surat ar-Ra'd, aya ya 26, inasema Mwenyezi Mungu humkunjulia riziki amtakaye “wa yaqdir”, na hapa haiwezekani kusoma “na huweza”, kwa sababu neno limewekwa kinyume cha kukunjua. Maana yake ni kwamba humpimia mwingine, humpa kwa dhiki. Muundo huu huu wa kukunjua na kupima umerudiwa katika al-Israa aya ya 30, al-Qasas 82, al-Ankabut 62, ar-Rum 37, Saba' 36 na 39, az-Zumar 52 na ash-Shura 12. Juu ya hizo kuna aya mbili zinazofanana zaidi na yetu, kwa kuwa zina kihusishi “ala” juu ya mtu. Surat at-Talaq, aya ya 7, inamzungumzia mume aliyeacha, “wa man qudira alayhi rizquhu”, yaani ambaye riziki yake imekuwa finyu, atoe katika alichopewa. Surat al-Fajr, aya ya 16, inamtaja mtu anayejaribiwa “faqadara alayhi rizqahu”, akambania riziki yake, naye akasema Mola wangu amenidhalilisha.

Ni vyema msomaji asimame hapa, kwa sababu tayari ameona kwa macho yake kwamba “qadara alayhi” katika Kiarabu cha Qur'ani inaweza kuwa “alimtia katika dhiki” bila kumpachika mtu yeyote maana aliyoizua. Baadhi ya wanachuoni wameipeleka maana hii hadi kwenye Lailatul Qadri, wakasema umeitwa hivyo kwa kuwa ardhi huwa finyu kwa wingi wa Malaika wanaoteremka; wengi wanaieleza kwa cheo na kwa kukadiriwa mambo, nami ndiko ninakoegemea, lakini kauli hiyo inaonyesha jinsi maana ya dhiki ilivyokuwa karibu na ulimi wa wajuzi wa lugha.

Tafuta aya inayokupinga

Wengi hukomea pale penye furaha ya kupata jibu. Lakini ukiendelea na faharasa utakutana na Surat al-Balad, aya ya 5: “ayahsabu an lan yaqdira alayhi ahad”. Iweke chini ya aya ya Yunus uone. Kuna kitenzi cha kudhani, kuna “an lan”, kuna “yaqdira”, kuna “alayhi”. Muundo ni ule ule karibu neno kwa neno, na katika al-Balad hakuna mfasiri mwenye shaka kwamba maana ni uwezo: je, mtu huyu anadhani kwamba hakuna yeyote atakayemuweza?

Aya hii ya al-Balad ndiyo iliyonifundisha zaidi kuhusu kazi hii kuliko kamusi zote. Inasema wazi kwamba muundo wa maneno peke yake hautoshi kuamua. Kamusi hukupa maana zinazowezekana. Haikupi maana iliyokusudiwa. Kinachoamua ni mambo mengine, na hayo lazima yatajwe moja moja ili msikilizaji aweze kuyapima, badala ya kuambiwa tu kwamba wanachuoni wamesema.

La kwanza ni msemwa. Katika al-Balad anayezungumziwa ni mtu anayejigamba kwa mali aliyoteketeza, na dhana ya kwamba hakuna amuwezaye ndiyo tabia yake hasa. Katika al-Anbiyaa anayezungumziwa ni Mtume, ambaye aya inayofuata inasema alijibiwa dua yake na kuokolewa, na sura nzima imemweka katika safu ya Mitume wanaosifiwa.

La pili ni kisa chenyewe kama kilivyo katika sura nyingine, na hapa kuna utajiri ambao tarjuma haiwezi kuubeba wote. Surat as-Saffat, kuanzia aya ya 139, inasema Yunus “abaqa”, neno la mtumwa anayeondoka kwa bwana wake bila idhini, akaenda kwenye jahazi lililosheheni. Jahazi lililosheheni ni mahali finyu. Ikapigwa kura, ikamwangukia, akamezwa na samaki, na tumbo la samaki ni finyu kuliko jahazi. Surat al-Qalam, aya ya 48, inasema aliita akiwa “makdhum”, neno linalotokana na mahali pa pumzi kooni, yaani amebanwa na huzuni hadi kooni. Mtu aliyeacha kazi ya kuwalingania watu wake akiona kwamba ardhi ya Mungu ni pana na hatabanwa kwa kuondoka, anajikuta akipita kutoka ufinyu mmoja hadi mwingine uliozidi. Maana ya dhiki inakaa ndani ya kisa hiki kama ufunguo ndani ya kufuli lake. Maana ya uwezo haina pa kushika.

La tatu ni kauli za waliotangulia. Az-Zamakhshari, mfasiri aliyefariki mwaka 538 Hijria (1144), anasimulia kwamba Muawiya alimwambia Ibn Abbas kuwa mawimbi ya Qur'ani yamempiga usiku wa jana akazama humo, kisha akaisoma aya hii na kuuliza swali lile lile la mzee wetu wa nguzoni: Nabii wa Mwenyezi Mungu adhani kwamba hamuwezi? Ibn Abbas akamjibu kwamba neno hili linatokana na “qadr”, yaani kubana, si “qudra”, yaani uwezo. Karne mbili kabla ya az-Zamakhshari, at-Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria, 923) aliitaja maana ya kubanwa na kuadhibiwa, akaitegemeza juu ya aya ya Surat at-Talaq, akaipa nguvu kuliko nyingine kwa hoja ya kwamba haifai kumnasibisha Mtume na dhana ya kumkosea Mola wake uwezo.

Hata hivyo msomaji mwaminifu atauliza, na ni vyema aulize: katika aya zote za dhiki tulizozikusanya imetajwa riziki, na katika aya ya Yunus haikutajwa riziki wala kitu kingine kilichobanwa. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya kauli hii, na kuificha ni udanganyifu. Jibu langu ni kwamba katika ar-Ra'd na dada zake kitenzi “yaqdir” kimekuja bila kutajwa baada yake kinachobanwa, msikilizaji akaachiwa akielewe kwa muktadha, na hapa pia muktadha unakionyesha, nacho ni hali yake mwenyewe. Lakini kwa sababu ya hoja hiyo al-Farraa, mjuzi wa nahau wa Kufa, alipendelea tawi la kadari, kwamba Yunus alidhani hatutamkadiria adhabu ile tuliyomkadiria, na kuna kisomo cha “nuqaddira” chenye shada kilichonasibishwa kwa Umar bin Abdul-Aziz na az-Zuhri kinachoelekea huko. Ya'qub, mmoja wa wasomaji kumi, anasoma “yuqdara”, kwa kitenzi cha kutendwa. Ibn Zaid, mfasiri wa kale, naye aliona kwamba ni swali, “je, alidhani?”, kauli inayoondoa tatizo kwa urahisi mno, na urahisi wake ndio unaonitia shaka, kwani hakuna herufi ya kuuliza kwenye matini.

Ukifika hapa usione kama umepotea kwa kuwa kauli zimekuwa nyingi. Dhiki na kadari zinakutana katika jambo moja, kwamba Yunus hakuutilia shaka uwezo wa Mola wake bali alikosea kukisia yatakayompata, na mtu anaweza kuchagua kati ya hizo mbili bila kumvunjia mwenzake heshima. Mimi nachagua dhiki.

Usiyaache maneno ya pembeni

Ukishalitatua neno zito, rudi kwenye majirani zake, kwa kuwa mara nyingi nayo yametarjumiwa kwa haraka. “Mughadhiban” liko katika muundo wa “mufa'il”, ambao kwa kawaida huonyesha watu wawili wakitendeana, na kwa sababu hiyo wengine wamejiuliza aligombana na nani. Wengi wanasema ni watu wake waliokataa kuamini. Lakini muundo huu si lazima uwe wa pande mbili, na Mswahili ana ushahidi mdomoni mwake: “musafiri” ni muundo huo huo, na musafiri hasafiriani na mtu. Kitenzi “naadaa”, akaita, ni ndugu wa kunadi na mnada wetu. Tofauti ni kwamba anayenadi huita watu wengi wasikie, naye aliita mahali ambapo hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa Mmoja.

“Dhulumat” ni wingi. Kiswahili kinasema giza tu, liwe moja au kumi, na kwa hiyo tarjuma hupoteza jambo ambalo wafasiri wamelipenda sana: giza la usiku, giza la bahari na giza la tumbo la samaki. Na neno la mwisho la dua, “minadh-dhalimin”, lina mzizi wa herufi zile zile za giza hilo. Dhalimu wetu ni mwonevu, mwenye kunyang'anya shamba la yatima, na Yunus hakumnyang'anya mtu kitu. Kwa Waarabu asili ya dhulma ni kukiweka kitu pasipo mahali pake au kukipunguza, na ushahidi wake uko katika Surat al-Kahf, aya ya 33, panaposemwa kwamba bustani mbili zilitoa matunda yake “wa lam tadhlim minhu shay'an”, hazikupunguza humo kitu. Bustani haimuonei mtu. Yunus aliuweka mguu wake pasipo mahali pake, naye anakiri hilo.

Mipaka

Kuna mtihani mmoja ninaowapa wanafunzi wakija na maana mpya waliyoipata kwenye kamusi usiku wa jana. Nawauliza: je, Waarabu wa wakati wa kuteremka walilitumia neno hivyo? Je, yuko yeyote katika waliotangulia aliyeielewa aya kwa maana hiyo au kwa iliyo karibu nayo? Kamusi kubwa ina maana za kutosha kumfanya mjanja aifanye aya iseme atakalo, na siku hizi hasa huwaona watu wakichomoa maana ya kumi na mbili ya mzizi ili aya ikubaliane na habari ya sayansi waliyoisoma asubuhi. Maana ya dhiki hatukuichagua kwa sababu inatupendeza. Tuliichagua kwa sababu Qur'ani imeitumia mara nyingi na Ibn Abbas ameitaja.

Kisha andika tarjuma yako, hata kama hutamwonyesha mtu, kwa sababu kalamu hufichua ambacho hukukielewa. Yangu, baada ya kuifuta mara kadhaa, imesimama hivi: “Na Dhun-Nun, alipoondoka hali amewaghadhibikia watu wake, akadhani kwamba hatutamtia katika dhiki, kisha akaita gizani ndani ya giza: Hapana mola ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliojidhulumu.” Neno “waliojidhulumu” limeongeza “ji” ambayo haimo katika Kiarabu cha aya hii, nimeiazima katika dua ya Adam na mkewe, Surat al-A'raf, aya ya 23, na ninakiri kwamba mwalimu mkali angeniamuru niifute.

Anayetaka zoezi baada ya hapa asiende mbali. Aya inayofuata, ya 88, inasema Yunus aliokolewa kutokana na “ghamm”, huzuni inayofunika moyo, kwa kuwa mzizi wa neno hilo ni kufunika. Mizizi hiyo miwili, wa kufunika na wa qaf, dal, raa, inakutana tena katika Hadithi ya Ibn Umar iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ile isomwayo kila mwezi wa Ramadhani unapogombaniwa: “fa in ghumma alaykum faqduru lah”, mkifunikiwa na mawingu, basi “ukadirieni”. Wengi wa wanachuoni wamelielewa neno hilo la mwisho kuwa ni kukadiria kwa kutimiza siku 30, kwa kuwa riwaya nyingine zimesema hivyo waziwazi. Wanachuoni wa madhehebu ya Hanbal, katika kauli iliyo mashuhuri kwao, wamelielewa kuwa ni “ubaneni” mwezi wa Shaabani uishie siku 29, na dalili ya lugha waliyoitoa ni Surat at-Talaq, aya ya 7.